Upanga wa Baba na Ala ya Mtani Wake

Ijumaa, 4 Aprili

Ami Uweso amenipa daftari hili, zawadi ya Idi. "Wewe mdomo umeshonwa," alisema, "basi andika tusikie." Sitaki asikie. Naandika kwa sababu tangu Baba apooze, nyumba hii ina mambo mengi na maneno machache.

Leo nimezipaka panga mafuta kwa mara ya kwanza.

Baba ni fundi cherehani, hapa kwetu Ngamiani, na tangu ujana wake ana ugonjwa wa panga za kale. Si mapanga ya kufyekea. Panga za vita: ule mpana wa Kimanga wenye mpini wa fedha, ule wa Kihindi uliopinda kama ukucha, singe za askari wa Mjerumani na za jeshi la Mwingereza lililoshuka hapa Tanga mwaka 1914 likapigwa. Nyingine amezitoa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, zimelala na rimu za baiskeli zikingoja kuyeyushwa. Zote ziko ukutani juu ya cherehani. Wateja wakija kupimwa suruali huwa hawatulii.

Kila Ijumaa kabla ya swala alizishusha, akazifuta kwa flana, akazipaka mafuta ya cherehani. Hakutaka mtu azishike. "Kidole kina chumvi," alikuwa akisema. "Ukiugusa leo bila kuufuta, kutu itachora kidole chako pale pale."

Tangu mwezi wa pili mkono wake wa kulia umekufa, na mdomo upande huo. Leo aliniita, akaelekeza ukutani kwa kidevu. Nikajua ni zamu yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Viatu vya shule havijakauka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee Kristofa kapiga simu, kama kila Ijumaa watu wakitoka msikitini. Namwekea Baba spika, namshikia simu karibu na sikio zima.

"Wee Mdigo! Bado wapumua?"

"Mm," Baba akajibu.

"Nasikia nusu umeshakufa. Hiyo iliyobaki iharakishe, nautaka upanga wangu."

Baba alicheka kwa nusu mdomo mpaka akakohoa. "Ala," alisema. "Ala... yangu."

"Ala yako? Njoo uipore nikiwa jenezani, kama utakuwa na miguu!"

Niliwahi kuandika insha ya Kiingereza juu ya hawa wawili, na mwalimu hakunielewa. Sisi ni Wadigo, mzee Kristofa ni Msambaa wa Amani, kule milimani, na wao wanasema utani wetu ni wa tangu mababu. Nilijaribu kueleza utani kwa Kiingereza, nikaishia kuandika kwamba ni ruhusa ya kutukana. Mwalimu akazungushia wino mwekundu. Lakini si ruhusa tu, ni wajibu. Mtani wako akifa, wewe ndiye unayekwenda kumchekesha mjane wake, kuzuia kaburi, kupora kitu cha marehemu mbele ya watu wote na hakuna wa kukukataza. Wengine wote wanalia. Wewe unamtukana maiti, na hapo ndipo watu wanajua kwamba aliyekufa alikuwa na mwenzake.

Upanga wanaougombania ni wa ofisa wa Kijerumani. Uliibuliwa na wachimba kisima kule Raskazone, Baba akaununua ukiwa mwekundu wote kwa kutu, akaukwangua mwaka mzima. Haukuwa na ala ya kuuvika. Siku moja mzee Kristofa akashuka kutoka Amani, akaingia dukani kukunjisha suruali, akauona ukutani, akasimama na suruali mkononi. Ala yake ilikuwa kwao. Ala ya ngozi yenye mdomo wa shaba, babu yake mpagazi wa vita aliiokota njiani. Namba iliyochongwa kwenye ile shaba ndiyo iliyo kwenye upanga.

"Mwizi wewe! Huo wa babu yangu!"

"Babu yako alikuwa mpagazi. Tangu lini wapagazi wakavaa upanga? Walivaa mizigo."

Ndiyo ilikuwa salamu yao ya kwanza, na mimi sijazaliwa. Tangu siku hiyo huyu hampi upanga, yule hatoi ala. Walipatana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atapora nusu yake msibani.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua hainyamazi. Ukilamba mdomo unaonja chumvi. Nimeona panga zinatoa jasho kama watu. Zile zenye ala nimezivika zote, zisipate unyevu. Baba alikuwa amelala, sikumuuliza.

Jumanne, 22 Aprili

Mzee Kristofa amekufa.

Amekufa jana, Jumatatu ya Pasaka. Alikula mchana, akasema anajinyoosha kidogo. Luka, mwanawe, alimpigia Mama simu, na mimi nilikuwa nakuna nazi mlangoni mwa jiko. Mama alisema "Innalillahi" kwa sauti ndogo sana, akaufunga mlango wa uani ili Baba asisikie. Kisha akaniona. Akaweka kidole mdomoni.

Ami Uweso alikuja mbio. Wakasimama jikoni wakinong'ona, mvua ikipiga bati.

"Daktari kasema asipate mshtuko," Mama alisema. "Akiambiwa, twamzika na yeye."

"Lakini shemeji, Kristofa ni mtani wake. Lazima aende mtu."

"Nenda wewe."

"Luka kasema mlima umeporomoka huku chini, magari hayapandi. Na wanazika kesho."

Mama akakaa juu ya mbuzi ya nazi. Akaweka mikono mapajani. "Basi," alisema. "Akiuliza, barabara mbovu. Mvua ikikatika, mtani atakuja. Umesikia, Najat?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilimwona Mama imara kama nguzo. Nilimshukuru Mungu kwamba katika nyumba hii yupo anayejua la kufanya.

Ijumaa, 25 Aprili

Panga nimepaka. Swala ikaisha. Baba akaigeukia simu, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Mtani?" aliuliza.

"Mtandao wa Amani na mvua hii, Baba Najat," Mama alisema. "Si waujua?"

Jumatatu, 28 Aprili

"Mtani aja lini?"

"Barabara mbovu."

Jumanne, 29 Aprili

Hivyo hivyo.

Ijumaa, 2 Mei

Sijui kama nitaweza kuliandika hili. 

Baba alinitaka nimpigie mzee Kristofa. Mama alikuwa sokoni. Nikapiga bila kuweka spika, nikiomba isipatikane. Ikapokewa. Alikuwa Luka.

"Najat? Mbona kwenu kimya tangu tuzike?"

Nikakata. "Haipatikani, Baba."

 Kisha akaniambia niandike ujumbe. Maneno yake siku hizi yanatoka yamevunjika, mimi ndiye ninayeyaelewa kuliko wote. Akasema, neno moja moja, niandike: "Mbwa wee, kimya gani, umekufa nini?"

Niliandika. Vidole vyangu mwenyewe viliandika hivyo, kwenda kwa maiti. Sikutuma. Nikamwambia nimetuma, akalala na simu kifuani.

Baada ya saa moja akaamka. "Kajibu?"

Nilimtazama. Amekonda, shavu limeshuka upande mmoja, na jicho linangoja. Nikaishika simu nikajifanya nasoma: "Kasema, 'Nife nikuachie ala? Nangoja utangulie, Mdigo mvivu hata kufa.'"

Baba alicheka. Wallahi alicheka, mabega yakaruka, machozi yakatoka, akapiga kitanda kwa mkono mzima. Mama akaingia na kapu, akasimama mlangoni akitabasamu bila kujua kinachochekesha. Nilipomweleza uani, alinishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya samaki. "Mungu akubariki, mwanangu. Endelea."

Nimeoga mara mbili. Bado najihisi mchafu.

Ijumaa, 9 Mei

Jibu la leo: "Hata nusu yako iliyokufa ina akili kuliko iliyo hai." Kacheka.

Halafu akataka kuuona ule wa Kimanga. Nikaushusha, nikavuta mpini. Haukutoka. Nikaegemeza goti, nikavuta, ukatoka na mlio wa kukwaruza uliomfanya Baba afumbe macho. Ulikuwa na madoa mekundu kuanzia katikati mpaka ncha. Ninayoiona na kuipaka kila wiki bila kuuchomoa, ile sehemu ya mpini, ilikuwa safi inang'aa.

"Nani... kavika?"

"Mimi, Baba. Nilidhani naukinga na mvua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alieleza taratibu, na mimi nikangoja kila neno: ngozi inakunywa maji. Masika, panga zinakaa wazi, ukiuona unatoa jasho unaufuta. Ukiuficha unalala na maji usiku na mchana, nawe huna habari.

Nimezivua zote. Mbili nyingine zimeharibika vile vile.

Jumatano, 14 Mei

Kipindi cha historia kilikuwa juu ya vita ya Tanga, nami darasa zima ndiye mwenye singe zake nyumbani. Mwalimu akauliza nani anajua lolote. Nilijua. Sikunyoosha mkono. Nyuma ya daftari nilikuwa natunga matusi ya Ijumaa.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Kacheka tena. Naona nimekuwa hodari, maneno yanakuja yenyewe kwa sauti ya mzee Kristofa, mpaka kikohozi chake.

Ijumaa, 23 Mei

Baba ameanza kusimama. Anashika ukingo wa cherehani, anavuta mguu mpaka mlangoni, anarudi. Jasho linamtiririka. Ami Uweso akasema, "Kaka, polepole, waenda wapi?"

"Amani," Baba alisema. "Mvua... ikikatika. Naenda... kuiba ala."

Ami akaenda uani. Mama akanitazama kwa furaha, kama anayesema, waona? Dawa tuliyompa inafanya kazi.

Ni kweli inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kila hatua anayopiga anamwendea mtu aliye chini ya udongo, na mimi ndiye ninayemwita kule mbele.

Jumamosi, 31 Mei

Leo jua. Baba katembea mpaka kwa jirani.

Jumapili, 8 Juni

Jana Idi. Leo Luka amenipigia mimi, si Mama. Udongo umekauka, Jumamosi wanamjengea baba yake kaburi.

"Siku ya kuzika tulimngoja mtani," alisema. "Mama yangu hakutaka jeneza lishuke. 'Yasini atakuja, mwasikia, atakuja hata kwa kutambaa.' Mpaka mvua ikatufukuza pale. Watu wakaanza kunong'ona, kwamba mzee alikuwa anajisifu tu, hakuwa na mtani wala nini. Anadhani baba yako, Mzee Yasini, kakasirika. Kwani tulimkosea nini, Najat?"

 Nilimwambia Mama.

"Mwache atembee vizuri kwanza," alisema.

"Mama, lini?"

"Nimesema mwache!"

Usoni mwake sikuona nguzo tena. Nilimwona mtu aliyefunga mlango wa uani, akauegemea kwa mgongo, na sasa hana nguvu za kuondoka pale.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia.

Mama alikuwa kwenye hitima kwa jirani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, anapumzika baada ya matembezi. Nilikaa chini, miguuni pake, kwa sababu nikiwa nimesimama siwezi kumtazama mtu usoni nikasema.

"Baba, mzee Kristofa amefariki. Tangu Pasaka."

Hakusikia, au hakutaka. "Ijumaa... kajibu," alisema.

"Ni mimi, Baba. Majibu yote ni mimi."

Nilingoja aanguke. Mama alikuwa ameniaminisha kwamba ataanguka. Hakuanguka. Aliutazama ule upanga ukutani, kisha mkono wake uliokufa pale mapajani, kama anatafuta ni kipi cha kushika. Shavu zima likaanza kutetemeka. Nje mtu alikuwa akiita, "Fundi! Fundi yupo?" akaondoka.

Baadaye sana akauliza, "Nani... kamtania?"

"Hakuna aliyekwenda. Barabara ilikatika."

Hapo ndipo alipolia. Si kwa kifo. Alilia kwa hilo. Sauti ilitoka upande mmoja tu wa mdomo, sijapata kusikia sauti kama ile na sitaki tena.

Nilidhani hatanigusa. Lakini aliniwekea mkono kichwani, akanivuta ushungi kama nilipokuwa mdogo. "Majibu yako," alisema. "Krist'fa... hakuwa hodari... hivyo."

Mama aliporudi, Baba alimwambia neno moja: "Jumamosi." Mama akaketi na baibui lake mlangoni, akalia.

Jumapili, 15 Juni

Naandika ya jana.

Ami Uweso aliazima gari. Baba alikaa mbele, upanga mapajani, umefungwa kwenye kanga ya Mama. Muheza tukanywa chai. Kutoka hapo ni kupanda, msitu umefunga, na pale mlima ulipoporomoka udongo ulikuwa bado umefunguka, mwekundu. 

Kwa mzee Kristofa watu walikuwa wamekaa kwenye viti, wanaume wanakoroga zege, mwalimu wa kanisa keshasoma sala. Mama Luka alituona tukishuka. Hakuinuka. Tulimwamkia, akaitikia kama anavyoitikiwa mgeni.

Baba akaenda mpaka kwenye kaburi kwa fimbo yake. Akafungua mdomo. Nilijua alichotaka kusema, ningeweza kukisema neno kwa neno. Lakini kilichotoka ni "Mm... mbb..." na mate. Akajaribu tena. Watu wakainamisha vichwa. Mzee mmoja akasema, "Pole, ndugu yetu, kaa upumzike," na mtu akamletea kiti.

Mtani hapewi pole. Nilimwona Baba anavyokitazama kile kiti. Kisha akageuka, akanitafuta. Nilikuwa nyuma ya Mama, mahali pangu pa siku zote.

Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka nimekaa juu ya kaburi la mzee Kristofa, upanga uko wazi mapajani mwangu, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Simamisheni hiyo zege! Huyu hajengewi!"

Koleo zikasimama.

"Mwizi mkubwa wee! Umeingia humu bila kuaga kwa sababu wajua una ala ya watu! Nyumba hukuijenga miaka yote, ukishakufa ndiyo wataka simenti? Toka! Toka ujibu! Baba kaja na mguu mmoja, wewe mwenye miwili umelala!"

 Nilidhani nitakufa kwa aibu pale pale, wanijengee. Halafu bibi kizee mmoja nyuma akapiga kigelegele. "Wadigo wamefika!"

Luka akatupa koleo. Machozi yanamtoka, lakini alijua zamu yake. "Ondoka hapo, kitoto cha pwani, au tukumwagie zege na wewe!"

"Mwaga! Nikae naye humo nimdai mpaka kiama! Leteni ala!"

Watu wakawa wanacheka na kulia. Baba alikuwa anapiga fimbo chini, pa, pa, pa, kila neno langu. Mama Luka akainuka kwenye kiti chake, akaja, akapiga magoti mbele yangu kwenye udongo. Anacheka, kilemba kimemvuka.

"Mwanangu, ala umeikalia. Imo humo."

Akatueleza, huku amemshika Baba mkono. Mzee Kristofa alikuwa ameagiza zamani: akija mtani wangu, muacheni aipore. Asipokuja, nizikeni nayo, asiipate bure. "Tulimngoja," alisema. "Yesu ni shahidi, tulimngoja mpaka jeneza likajaa maji. Ndipo tukaitia."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

Baba akashuka chini, Luka akimsaidia, mpaka goti likagusa udongo. Akaweka kiganja juu ya kaburi. Alikaa hivyo. Kisha akasema maneno mawili, safi, hayakuvunjika, kama ya mtu mzima wa afya:

"Mbwa wee."

Tulipoaga, Mama Luka alinipa jogoo, malipo ya kuondoka kaburini. Aliwika njia nzima. Mama alikaa nyuma nami, na kila baada ya muda ananyoosha mkono mbele kugusa bega la Baba, lile bovu. Tulipofika Muheza akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani namkinga." Nilitaka kuwa na hasira naye. Niliyatafakari yale madoa ya upanga wa Kimanga, nikamwegemea.

Ijumaa, 20 Juni

Simu ipo kimya mezani. Hakuna aliyeitazama.

Ijumaa, 27 Juni

Nilizishusha panga zote, flana na kichupa cha mafuta. Nilipofika kwenye ule wa Mjerumani, Baba akasema, "Huo uache."

"Utashika kutu, Baba."

"Ala... yaoza." Akavuta pumzi. "Waende sawasawa."

Akaniomba nimsogezee. Nikauweka mapajani mwake. Aliushika mkono wake uliokufa kwa mkono mzima, akauinua kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akalifungua dole gumba, akalibonyeza kwenye bapa la upanga, wazi, bila kitambaa. Akalikandamiza hapo. Kisha akanirudishia niutundike.

Ijumaa, 11 Julai

Jua kali. Masika yamekwisha kabisa.

Nimepaka panga mafuta. Ule mmoja nimeushusha kuutazama tu. Karibu na mpini pametokea doa la kwanza, jekundu, si kubwa, na ukilielekeza kwenye mwanga wa mlangoni unaona mistari ya dole gumba la Baba, yote, imejichora.

Flana ilikuwa mkononi mwangu. Nimeurudisha ukutani.